Mbavu Tatu za Pepeo

Tarehe 6 Februari

Mdogo wangu Msasa,

Nakusalimu sana. Sisi huku tu wazima, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi linaijua mvua kabla ya redio. Binti yangu amepata kazi ya kupokea simu kwenye zahanati. Akirudi nyumbani haongei kabisa, eti maneno yote ameyamaliza kazini. Paa la karakana halivuji tena. Amelipanda fundi makochi wa mlango wa pili bila kuombwa na mtu. Nilisikia nyayo juu nikadhani mwizi, nikatoka na ufagio.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Inaita weee, halafu kimya. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, kama miaka ile ulipohama tu.

Sasa jambo lenyewe. Juzi aliingia yule mama mwenye duka la dawa pale kona. Alikuwa amebeba pepeo la kukunja, kalifunga ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Ni la mama yake mzazi. Bibi huyo hatoki kitandani, wala hasemi sana, ila pepeo lile halimtoki mkononi. Analifungua, analifunga, kutwa nzima. Sasa hariri imeoza na kuchanika kwenye kila mkunjo, na mbavu tatu zimevunjika. Mwanawe akanieleza, "Nilimnunulia jipya. Kalifungua mara moja, kalitupa sakafuni. Na tangu nimchukulie hili, hata kula anakula kwa kubembelezwa."

Nikaligeuza chini ya dirisha. Msasa, ni kazi ya baba. Nisingeweza kukosea: ile pini ya shaba iliyogongwa kichwa mpaka kikawa bapa, na mbavu nyembamba kama kucha.

Kitambaa nakiweza. Mbavu siziwezi, unajua. Tangu uondoke natumia za dukani, nene kama miiko, na hizo haziwezi kulala pamoja na za baba. Nimekuwekea ubavu mmoja mzima wa mfano, pamoja na vipande vya zile zilizovunjika. Nichongee tatu. Uchonge wewe mwenyewe. Bibi wa watu anangoja.

Msalimie binti yako.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika pamoja na kifurushi, na ubavu haukupata hata mkwaruzo. Sote tunaendelea vizuri. Binti anasoma, anakula, anabisha. Yaani ni mzima. Mke wangu anakusalimu sana. Ameniambia nisisahau kuandika hivyo.

Simu iliangukia kwenye ndoo ya maji. Usihangaike kuipiga.

Nimefurahi kusikia paa limezibwa. Huyo fundi makochi ana moyo mzuri. Hivi huwa anapanda mapaa ya watu wote wa mtaa huo, au la kwako tu?

Ubavu wa baba nimeushika kutwa nzima. Nitazichonga, lakini nipe nafasi. Nataka mwanzi uliokauka kivulini, si wa kukaushwa juani kwa pupa, na huku hauokotwi njiani.

Nina maswali mawili, usinicheke. Ile gundi ya unga mnaipikaje isifanye madonge? Na kitambaa kinakatwa kufuata uzi, au mshazari? Mtu akikaa mbali na kazi anasahau. Nataka tu kukumbuka.

Ndimi mdogo wako,
Msasa


Tarehe 15 Machi

Msasa,

Hujambo? Sisi hatujambo. Jana nimefukuza panya kwenye vitambaa, naye kabla ya kuondoka kaniachia tundu katikati ya kipande kizuri kuliko vyote. Wabaya hawakosi jicho la kuchagua.

Barua yako nimeicheka mpaka fundi makochi akachungulia kuuliza kulikoni. Mtoto wa mtengeneza mapepeo anauliza gundi inapikwaje! Baba angekurushia mwiko. Haya, sikiliza. Unga unaukoroga kwanza na maji baridi mpaka uwe kama maziwa, ndipo unaumimina kwenye maji ya moto huku mkono hausimami. Ukipoa unauchuja kwa kitambaa. Unaupaka kwenye ubavu utando mwembamba mno, kama unataka ubavu usijue umepakwa. Na kitambaa ni cha kufuata uzi, tena uzi ulale sambamba na ubavu wa katikati. Ukikikata mshazari kitavutika upande mmoja, na pepeo litafunguka limekunja uso kama mtu aliyelazimishwa kusalimia.

Hariri kuukuu nimeshaibandua kwa kitambaa chenye unyevu, kidogo kidogo, na mbavu za baba nimezisafisha gundi ya zamani kwa ukucha. Zimelala mezani zimetawanyika, zinasubiri wenzao watatu.

Halafu lini ulijifunza kuandika vizuri hivi? Zamani mwandiko wako ulikuwa kama kuku kakanyaga wino. Sasa herufi zimekaa kwenye mstari kama wanafunzi wa gwaride.

Kuhusu hizo salamu za mkeo, zimefika. Sina la kusema zaidi. Mtu aliyekung'oa kwenye karakana ya baba yako ili ukaishi kwao asubiri kidogo kwa salamu. Yeye msusi ana kazi yake, na asije akadhani kusuka nywele na kuchonga mbavu ni kitu kimoja. Vyombo vya baba avipite kwa mbali.

Mbavu ziko wapi? Bibi anauliza pepeo lake kila siku.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Huku ilikuwa mvua, na mwanzi ukishika unyevu haukubali kisu. Sote wazima.

Mbavu tatu hizi hapa, nimezifunga kwenye pamba pamoja na ule ubavu wa mfano. Nyingine nyingi zilivunjika kabla ya hizi, na zile tulipikia chai. Tafadhali zipime na za baba kabla ya kupaka gundi. Kama haziridhishi sema, zitachongwa upya. Nakuomba sana uniambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Umenitajia fundi makochi katika kila barua, Dada. Mara paa, mara kicheko. Sisemi kitu. Nauliza tu kama mzima.

Mdogo wako,
Msasa


Tarehe 4 Mei

Msasa,

Salamu. Fundi makochi ni mzima, na hayakuhusu.

Nilipofungua ile pamba, kwanza nilifurahi. Zimenyooka, nyembamba, zinapinda na kurudi. Nilisema peke yangu, "Mkono wa mdogo wangu umerudi ujanani!" Nikaziweka katikati ya mbavu za baba, nikazishika zote pamoja, nikazipitisha kidole gumba ukingoni, kama baba alivyotufundisha.

Msasa, baba alikuwa anavuta kisu kuja kifuani, siku zote, na wewe ulimwiga hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo ubavu wenu una mteremko mdogo upande mmoja. Jicho halioni, kidole kinaona. Hizi tatu hazina mteremko. Zimeviringana pande zote mbili, laini, kama mtu amezisugua kwa subira ambayo wewe hukuzaliwa nayo. Tundu la pini nalo limetobolewa nusu huku na nusu huku. Wewe hujawahi kufanya hivyo maishani mwako.

Mbavu hizi hukuchonga wewe. Nani kashika kazi ya baba? Na kwa nini unanificha mimi, niliyekubeba mgongoni?

Sizitii kwenye pepeo mpaka nijue. Mama wa duka la dawa alikuja leo asubuhi, akakaa kwenye kiti, akasema, "Mama anakunja na kukunjua shuka siku hizi." Nimemwambia asubiri. Na mimi nasubiri.

Dada yako


Tarehe 9 Juni

Wifi,

Shikamoo. Ninayeandika ni mimi, mke wa mdogo wako. Mwandiko utakuwa umeutambua, maana ndio uliokuwa unausifia.

Mume wangu amekaa uani na binti. Hajui kwamba naandika. Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea, akageuza uso ukutani, na tangu siku hiyo kila nikimwambia tujibu ananiambia kesho. Nimeona kesho hizi zinamuumiza yeye, wewe, na yule bibi ambaye hana kosa lolote.

Mwaka jana aliamka asubuhi moja, mkono wa kulia na mguu wa kulia havimtii. Kiharusi. Sasa mguu umerudi, anatembea kwa fimbo. Mkono haujarudi. Ulimi ni mzito. Mimi na binti tunamwelewa, mgeni haelewi. Simu haikuangukia ndooni. Alikuwa akiiona inaita kwa jina lako anaiwekea mto juu.

Nilimwambia tangu mwanzo, "Mwambie dada yako." Akanijibu, "Akijua atafunga karakana aje, na karakana ikifungwa haitafunguliwa tena." Na siku nyingine, alipokuwa na huzuni, alisema, "Sitaki yeye awe wa kwanza kusema kwamba kazi ya baba imeishia kwangu."

Ubavu wa mfano ulipofika aliushika kwa mkono wa kushoto akalia. Sijawahi kumwona akilia. Nikamwambia, "Nifundishe." Akacheka, nusu ya mdomo. Nikaenda kukichukua kisu. Wifi, amenifundisha kwa macho na fimbo. Nikikosea anagonga sakafu. Nikipatia hagongi, na hiyo ndiyo sifa. Nilisukuma kisu kwenda mbele, sikukivuta kifuani, kwa sababu naogopa kujikata, na ndiyo maana kidole chako hakikuona mteremko. Maswali ya gundi na mshazari yalikuwa ya kwangu. Yeye alisema usiulize, atashtuka.

Barua zako zote nimezisoma kwa sauti. Ulipoandika nivipite kwa mbali vyombo vya baba, yeye alisema, "Ruka hapo." Nikamwambia barua ya dada wa mtu hairukwi. Nikasoma mpaka mwisho, kisha nikarudi kusugua kwa karatasi ya msasa, maana mbavu zilikuwa bado.

Sikuandika ili unionee huruma. Uliuliza nani kashika kazi ya baba yako. Ni mimi. Kama hazifai zitupe, lakini bibi wa watu mtafutie nyingine upesi.

Wifi yako,
msusi


Tarehe 21 Juni

Wifi,

Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaweka chai jikoni, nikachemsha maji matupu bila majani, nikayanywa bila kujua. Fundi makochi ndiye aliyeuliza kwa nini nakunywa maji ya moto kwenye kikombe cha chai huku machozi yananitoka. Nikampa barua asome. Akaisoma taratibu, kama anavyofanya kila kitu, akasema, "Huyu mwanamke mpeni heshima yake." Akarudi kwenye kochi lake.

Ninayo maneno mengi ya kukuomba radhi na hayajipangi. Wewe ulikuwa unamlisha mdogo wangu, unamwogesha, unamwandikia, na mimi nakutumia matusi uyasome kwa sauti nyumbani kwako mwenyewe. Nisamehe, wifi. Hilo moja limetoka vizuri, naliacha hapo.

Siku hiyo hiyo nilikaa mezani. Nilizipanga mbavu kwenye ubao, za baba na za kwako, nikazipaka gundi, nikatandaza hariri ya rangi ya maji ya chai, iliyokaribia kabisa ile ya zamani. Nilingoja ikauke, nikaibana mkunjo mmoja mmoja kwa vidole. Mbavu zilizonyooka vibaya hujiumbua hapo, kitambaa kinagoma. Hakikugoma. Nikalifunga pepeo, likalala bapa. Nikalitikisa, likafunguka lote kwa mkupuo mmoja.

Nililipeleka mwenyewe. Bibi alikuwa amelala anatazama dari. Mwanawe akasema, "Mama, pepeo lako." Bibi hakugeuka. Nikaliweka kiganjani mwake. Vidole vikalizunguka, vikalipima, dole gumba likasukuma ubavu wa nje, na pepeo likafunguka. Akalitazama mbele na nyuma. Halafu akalifunga, akamchapa nalo binti yake mkononi, pa!

"Muda wote huo ulilipeleka wapi?" akauliza.

Mwanawe aliruka kwa furaha. Miezi yote hiyo bibi hakuwa amesema sentensi ndefu kiasi hicho. Akachapwa tena kwa kupiga kelele. Mimi nilitoka nje nikacheka na kulia barazani kwa watu.

Bibi hakuuliza ubavu upi ni wa nani. Na mimi sitauliza tena.

Nimekutumia randa ndogo ya baba na tupa zake mbili. Ni zako. Mwambie huyo mume wako aache kuweka mto juu ya simu. Hata kama ataongea kama mtu mwenye kiazi mdomoni nataka kumsikia.

Wifi yako


Tarehe 12 Julai

Dada,

Shikamoo. Naandikiwa na mke wangu, sasa hakuna cha kuficha. Kama kuna neno tamu kupita kiasi humu ujue ameliongeza yeye. (Sijaongeza kitu, wifi.)

Nilikasirika aliponiambia alichokuandikia. Nilikasirika mpaka nikagoma kula, ila usiku wenyewe ulikuwa na samaki, nikaahirisha mgomo. Kisha ulipopiga simu na kunisikiliza nikihangaika na neno moja tu, "Dada," na wewe ukaitika kama zamani, hasira ikaniisha.

Mkono bado umelala. Wananinyoosha kila wiki pale hospitali. Huenda ukaamka, huenda usiamke. Nimeanza kusema hivyo bila kugeuza uso.

Nimeamua jambo, na usibishe. Namtuma mke wangu kwako. Mbavu anazijua kuliko anavyokubali, lakini kitambaa siwezi kumfundisha kwa fimbo. Akae kwako mpaka ajue. Mimi nitakuwa na binti. Ataniunguzia uji, nitauvumilia. (Huwa hauunguzi. Anamwonea.)

Na ile simu uliyompa fundi makochi anisalimie, sikio langu halikupata kiharusi. Mtu anayetaka kusalimia tu hakohoi mara nyingi vile. Alisema ana neno la kuniomba, kisha akaishia kuuliza bei ya mwanzi. Mwambie aseme. Mimi ndiye mwanaume pekee wa kwetu aliyebaki, na nina hamu ya kuombwa kitu.

Mdogo wako,
Msasa


Tarehe 18 Agosti

Msasa,

Wifi amefika salama. Nilimpokea kituoni nikamtambua kabla hajashuka: ndiye mtu pekee aliyekuwa ameshika mzigo kifuani badala ya kuuweka chini. Mbavu za mwanzi, ameninyooshea hata kabla ya salamu. Tukasimama pale tunapitisha vidole ukingoni, watu wanatupita na mabegi yao.

Kitambaa cha kwanza alikigandisha kwenye ubao, chote, kwa gundi nyingi. Tulikibandua wote wawili tukicheka. Cha pili kilikunja uso. Cha tatu amekitoa leo, pamba nyeupe isiyo na ua, kimefunguka bila kukwama popote. Nimekitundika dirishani. Mteja mmoja amekwisha kuuliza bei, wifi kasema hakiuzwi, nami nikasema kinauzwa, tumebishana mbele ya mteja hadi akacheka akaondoka. Karakana hii haijawa na ubishi tangu ulipohama. Sikujua kama niliukosa hivyo.

Jioni ananisuka. Kichwa changu hakijapata kuwa nadhifu namna hii, na fundi makochi ameligundua hilo upesi. Amesema neno lake, Msasa. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye kochi alilolitengeneza yeye mwenyewe, akakohoa na kukohoa mpaka wifi akamwambia, "Shemeji, sema, gundi inaganda." Akasema. Nikamwambia mimi si kijana, nina goti. Akanijibu, "Mimi nina mgongo." Nimekubali, lakini nimemwambia idhini iko kwako, akuombe uso kwa uso. Anasema hatakuomba kwa simu tena, aliona aibu ya bei ya mwanzi.

Sasa nisikilize. Chumba cha nyuma tumekitoa vitambaa. Fundi makochi ametengeneza kiti cha mikono mirefu, kimewekwa mbele ya meza ya baba, dirisha likiwa kushoto kwake, ili mwanga ukujie kwenye mkono unaofanya kazi. Mwanafunzi ninaye mmoja, na anasema mimi nafundisha kwa maneno mengi mno, amezoea fimbo. Binti yako anaweza kuhamishia masomo huku. Binti yangu ameulizia shule akiwa kazini, kwa yale maneno yake aliyobakiza.

Usimsumbue mtoto akuandikie jibu. Njooni.

Dada yako